Kutazama Ndege: Khabari za Kinamasi cha Mabamba



Maneno ya leo ni juu ya ndege. Huenda baadhi ya watu wakaona kuwa ndege ni mazungumzo ya watoto, au ni kazi ya wageni wenye darubini shingoni na kofia kubwa kichwani, ambao hulipa fedha nyingi ili waone kitu ambacho mwenyeji hukiona bure kila asubuhi. Fikira hiyo ni ya watu wengi, wala haina uovu. Lakini kando ya ziwa la Victoria, si mbali na Entebbe, iko khabari ya ndege mmoja na wavuvi, nayo yaonyesha jinsi macho ya mtu yanavyoweza kumtoa katika uadui yakamtia katika ulinzi. Mahali hapo ni Mabamba.

Mabamba ni ghuba iliyojaa mafunjo. Ukisimama ukingoni waona majani ya kijani mpaka mwisho wa macho, na maji yamefichika chini yake. Njia za mtumbwi ni nyembamba, na mahali pengine mwenye mtumbwi huacha kasia akashika upondo, kwa sababu mimea imeziba. Humo wamo samaki, na khasa kamongo, ambaye kwa Kiganda huitwa mmamba. Humo pia yumo yule ndege.

Majina yake ni mengi. Waganda humwita bulwe. Katika Kiswahili huitwa korongo nyangumi. Waarabu wa Sudan walimwita Abu Markub, yaani baba wa kiatu, na aliyemwona hahitaji kuelezwa sababu: mdomo wake ni mpana na mnene, una urefu wa sentimita 20 hivi, na ncha yake imepinda kama kulabu. Akisimama humfikia mtu mzima kifuani. Rangi yake ni ya majivu, na macho yake hutazama mbele kama macho ya kadhi anayengoja ushahidi. Huweza kukaa mahali pamoja muda mrefu pasipo kutikisa hata unyoya, akimngojea kamongo apande juu. Maana kamongo si kama samaki wengine, hana budi kuja juu ya maji kuvuta pumzi. Hapo ndipo ndege hujitupa kwa uzito wake wote, mdomo mbele, na mara nyingi huinuka na samaki pamoja na fungu la majani.

Uzazi wake ni mchache. Jike hutaga yai moja, au mawili, au matatu, lakini kwa kawaida kinda mmoja tu ndiye anayekua. Jua likiwa kali, mzazi huchota maji kwa mdomo wake mkubwa akayamwagia mayai ili yapoe. Ulimwenguni kote wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000, wametawanyika katika vinamasi vya Sudan Kusini, Uganda, Kongo, magharibi ya Tanzania, na Zambia, na mahali pengine wachache sana. Hesabu hiyo si kubwa. Watu wa mji mmoja mdogo huwazidi ndege wote wa namna hii waliomo duniani.

Basi wavuvi wa Mabamba zamani walimwua. Hawakumwua kwa ajili ya nyama. Walimwua kwa sababu waliamini kuwa mvuvi akimwona bulwe, siku ile hapati samaki. Ilikuwa ni nuksi, na nuksi huondolewa.

Ni rahisi kwa mtu aliyekaa kitini mjini kuwacheka wavuvi wale, lakini haifai. Yafikiriwe maisha yao. Mtu hutoka kabla ya alfajiri, nguo zimelowa, huzunguka katika mafunjo saa sita au saba, kisha hurudi na mtumbwi mtupu kwa watoto waliokwisha kuona jiko halina moto. Moyo wa mtu huyo hutafuta wa kulaumiwa. Ziwa halilaumiki, na bahati haionekani. Anayeonekana ni yule ndege mkubwa mwenye sura ya ajabu, amesimama kimya palepale penye kamongo, naye anamtafuta samaki yuleyule. Uadui ulianza hapo, nao ulikuwa uadui wa washindani wawili wenye njaa.

Mabadiliko hayakuja kwa mahubiri. Walikuja watu waliotaka kumwona ndege. Mwanzo walikuwa wachache, na kila mmoja alihitaji mtumbwi na mtu wa kuuendesha. Nani ajuaye njia za mafunjo kuliko mvuvi? Mvuvi akalipwa kwa kumpeleka mgeni mahali ambapo juzi alikuwa akipakimbia. Wenyeji wakaungana katika chama cha waongozaji, wakaweka zamu na taratibu za mitumbwi, na baadhi ya wale waliokuwa wakimtazama bulwe kama mkosi wakawa ndio wanaomjua kupita watu wote.

Katika kusimulia khabari hii wengi husema kuwa ni fedha iliyofanya kazi, kisha wakanyamaza. Ni kweli fedha ilifungua mlango. Lakini fedha peke yake haimfundishi mtu. Mwongozaji wa ndege hana budi ajue bulwe alilala wapi usiku uliopita, anapenda upande gani maji yakipungua, na mtumbwi usogee mpaka wapi kabla hajashtuka akaruka. Hana budi pia ajifunze majina ya ndege wengine wengi, maana mgeni atauliza. Huyu mdogo mwenye miguu mirefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi ni nani? Yule mbayuwayu wa buluu yatoka wapi safari yake? Naye mwongozaji atajibu kuwa mbayuwayu yule huzaa katika nyanda za juu za kusini ya Tanzania na nchi zilizo kusini zaidi, kisha katikati ya mwaka huja kukaa huku kaskazini penye majani. Mtu aliyejifunza hayo, na kumtazama ndege asubuhi baada ya asubuhi, hawezi tena kumwita nuksi hata akitaka. Amemjua, na mtu huona haya kumdhuru anayemjua.

Mwaka 2006 Mabamba ikaandikwa katika orodha ya ardhi za maji zenye umuhimu kwa mataifa yote. Mapatano ya orodha hiyo yalifanywa mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, nchini Iran, katika pwani ya bahari ya Kaspi, na Uganda iliingia katika mapatano hayo mwaka 1988. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo inasema kuwa vinamasi ni amana mikononi mwa Serikali kwa manufaa ya raia wote. Neno amana latosha kumfanya Mwislamu akae sawa akisikilize kifungu hicho.

Lakini sheria ya karatasini haikuzuia majembe. Vinamasi vingi vya Uganda vimekatwa, vimefukiwa, vimelimwa mpunga na viazi, na vingine vimejengwa nyumba na viwanda. Watu wa Kampala wana mfano wao karibu. Kinamasi cha Nakivubo hupokea maji machafu ya mji, na mafunjo yake huyachuja kabla hayajaingia katika ghuba ambayo mji huohuo huchota maji yake ya kunywa. Mafunjo yakipungua, uchafu hufika ziwani kama ulivyo, na gharama ya kuyasafisha maji hupanda. Kwa hiyo anayeuliza, “Ndege wa kinamasi ananihusu nini?” na ajibiwe kuwa ndege ni shahidi. Akihama, kuna jambo lililoharibika katika maji, na maji hayo ndiyo ya chai yake na ya udhu wake.

Liko pia jambo la kukosoa. Mwaka 2020, ulipokuja ugonjwa wa korona, uwanja wa ndege wa Entebbe ulifungwa kwa abiria tangu mwezi wa Machi mpaka mwanzo wa Oktoba. Wageni wakakatika. Kazi iliyokuwa ikitegemea macho ya watu wa mbali ikasimama kwa siku moja, katika Mabamba na kila mahali pa namna hiyo. Hapo udhaifu wa mpango ukadhihirika. Ikiwa anayemthamini bulwe ni mtu wa London tu, basi usalama wa bulwe umefungwa kwenye bawa la ndege ya chuma. Wako wapi watazamaji wa Kampala, wa Jinja, wa Masaka, wa Mbale? Wako wapi watoto wa shule na wazee waliostaafu? Hilo ndilo pengo, na halizibwi na wageni hata wakirudi kwa maelfu.

Kuliziba kunawezekana, maana majirani wamefanya. Katika Nairobi, tangu mwaka 1971, kila Jumatano asubuhi watu hukusanyika penye jumba la makumbusho kwenda kutazama ndege. Kiongozi wao wa miaka mingi ni Bibi Fleur Ng'weno. Jumatano hizo zimepita nusu karne. Hapo huja mwanafunzi na profesa, mama wa nyumbani na mtu asiye na kazi, mgeni wa jana na mwenyeji wa miaka 80. Anayejua humwonyesha asiyejua, na darubini moja hupita mikono mitano. Yafaa kuangalia jinsi kazi hii inavyowaweka watu pamoja pasipo mabishano: wote wanatazama upande mmoja, wote wamenyamaza, na akionekana ndege wote hufurahi, kwa kuwa furaha ya mmoja haimpunguzii mwenziwe kitu. Vijana wengi walioanza katika matembezi yale wamekuwa waongozaji na wataalamu. Michezo mingine mingi ina mshindi na mshindwa, na huu hauna.

Nako Rwanda iko khabari ya korongo mwenye taji, ndege yuleyule aliyemo katika bendera ya Uganda tangu mwaka 1962. Waganda humwita ngaali, Wanyarwanda humwita umusambi. Watu wenye uwezo na wenye hoteli walikuwa wakimfuga katika bustani zao kwa uzuri wake, na mara nyingi mbawa zake zilikatwa asiweze kuruka. Uzuri wake ukawa ndio balaa lake, na mwaka 2012 akatiwa katika daraja la ndege waliomo khatarini kutoweka. Daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianza kazi ya kuwarudisha mwaka 2014. Wenye ndege waliombwa wawataje bila kuogopa adhabu. Ndege wenye afya wakapelekwa mbuga ya Akagera kuzoea tena maisha ya nje, na wale waliolemaa wakajengewa makao yao katika Kigali. Kisha kukawa na kazi ya kuhesabu. Mwaka 2017 walihesabiwa 487 katika Rwanda nzima. Mwaka 2022 hesabu ilipita 1,000. Nyuma ya hesabu hiyo wamo watu wa vijijini wanaokaa kando ya vinamasi, na kijana wa kijiji ndiye wa kwanza kujua kuwa kiota kimevunjwa.

Uganda ina aina za ndege zaidi ya 1,000, na nchi nyingi zilizo kubwa kuliko hii hazina hesabu hiyo. Tena iko mila ya kutegemea. Katika Buganda uko ukoo wa Ngaali na uko ukoo wa Nyange, yaani yangeyange, na mwenye ukoo hamli ndege wake wala hamdhuru. Wazee walikuwa na ulinzi wao kabla ya mapatano ya Ramsar. Kinachopotea leo ni majina. Mtoto wa mjini anamjua kalooli peke yake, yule korongo mwenye upara na mfuko shingoni, kwa kuwa amejaa juu ya majalala ya Kampala na hakuna namna ya kutomwona. Wengine wote kwake ni “ndege” tu. Hata kalooli humdharau, asifikiri kuwa ndege yule anakula taka ambazo binadamu amezitupa na hakuziondoa.

Ikiwa chama hiki, au chama chochote cha mtaa, kitapenda kuanza, vitu vinavyohitajika si vingi. Daftari moja na kalamu. Darubini mbili hutosha watu kumi wakivumiliana. Mzee mmoja anayekumbuka majina ya ndege kwa lugha ya mama yake, na hao wapo wengi, ila hawajaulizwa. Saa nzuri ni baada ya sala ya alfajiri, jua lisipopanda, wakati ndege wanapotafuta riziki na watu wengi bado wako vitandani. Pa kuanzia ni mti wa jirani au bonde la karibu. Waandike waliowaona, aina na idadi, na tarehe, kisha warudi mahali palepale mwezi ufuatao. Daftari la mwaka mmoja lililoandikwa kwa uaminifu lina thamani mbele ya wataalamu wa Makerere, maana wao hawawezi kuwa katika kila bonde.

Wakitaka kwenda Mabamba, njia ni mbili. Iko ya gari kwa barabara ya Masaka, kisha kukata kuelekea Kasanje. Na iko ya maji kutoka Entebbe, kwa kuvuka Nakiwogo hadi Buwaya. Wafike mapema, wavae nguo zisizong'aa, na watoto waambiwe tangu nyumbani kuwa mtumbwini hakuna kupiga kelele. Mwenye mtumbwi alipwe ujira wake kamili kama anavyolipwa na mgeni wa mbali.