Niliyojifunza Safu ya Nyuma



Likizo ya Agosti mlinichangia nauli ya kutoka Diani hadi Nairobi, nikajifunze michezo ya kuigiza yenye nyimbo. Tulifanyia mazoezi *Sarafina!* ya Mbongeni Ngema wa Afrika Kusini, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 1987, kuhusu wanafunzi wa Soweto waliopinga ubaguzi wa rangi.

Nilitarajia kuimba peke yangu. Nikawekwa safu ya nyuma, kazi yangu kuitikia. Usiku nililia: nitawaambia nini walionichangia?

Siku moja mwimbaji mkuu, kwa kuimba huku akicheza, aliishiwa pumzi katikati ya wimbo. Sisi wa nyuma tulikuwa tumefundishwa kupokezana kuvuta pumzi. Tukaendelea, wimbo haukukatika, naye akarudi.

Hapo niliwakumbuka akina mama wa sauti ya pili. Kila Jumapili mmenibeba hivyo, nami sikujua.

Mama zangu, asanteni. Jumapili ijayo naomba nisimame nyuma pamoja nanyi. Mungu aibariki kwaya yetu.