Kuita Majina si Kuhesabu Vichwa
(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu serikalini. Kazi yangu ni kutunza seva, yaani kompyuta zinazohifadhi kumbukumbu za watu na kuwahudumia kutoka mbali. Wengine mtadhani ni kazi ngeni. Mimi naiona ni ileile ya kiranja wa bweni: kuita majina jioni na kujua nani yupo na nani hayupo. Na kosa nililolifanya mwaka 2014 lilikuwa kosa la kiranja.

Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed. Ilikuwa ndani ya OpenSSL, programu inayoficha mawasiliano yasisomwe njiani. Matoleo yenye kasoro yalikuwa 1.0.1 hadi 1.0.1f, toleo la 1.0.1g liliiondoa. Mtu aliye mbali aliweza kuiomba seva ikampa hadi kilobaiti 64 za yaliyomo katika kumbukumbu yake kwa kila ombi: pengine nywila, pengine ufunguo wa siri wa seva yenyewe.

Ofisini tulikuwa na seva 41. Kuzipitia moja moja kungechukua siku nyingi. Tulitumia Ansible, chombo kilichoanza mwaka 2012. Unakiandikia orodha ya seva zako, nacho huingia katika kila moja kwa njia ya SSH, huuliza swali lilelile, na kukuletea majibu yote pamoja. Swali langu lilikuwa fupi: una toleo gani la OpenSSL? Baada ya dakika chache majibu yakaja.

Hapo nilijifunza jambo la kwanza, kwamba namba ya toleo haisomwi juu juu. Seva zetu kongwe kabisa zilikuwa na 0.9.8, nazo hazikuwa na kasoro hii. Na watengenezaji wa Debian 7 hawakuhamia 1.0.1g, walichukua kiraka wakakishonea kwenye 1.0.1e ileile, wakaiita 1.0.1e-2+deb7u5. Anayesoma mwanzo tu atasema ni mbovu, kumbe ni nzima. Yabidi kusoma jina hadi mwisho, kama tulivyowatofautisha akina Juma watatu wa darasa moja kwa majina ya baba zao.

Tukaweka vifurushi vipya, nikauliza tena, na zote zikajibu vizuri. Nikamwandikia mkuu wangu taarifa: kazi imekamilika. Usiku ule nililala usingizi mnono.

Siku ya tatu kijana mmoja wa ofisini, ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka kazini, akaja mezani kwangu. "Shikamoo kaka. Samahani, seva mbili bado zinavuja."

Nikamjibu kwa ukali kwamba chombo kimesema zote ni nzima. Hakubishana. Aliniwekea mbele yangu matokeo ya jaribio lake: alikuwa amegonga kila anwani ya mtandao wetu, asitegemee orodha yangu.

Seva ya kwanza ilikuwa na kifurushi kipya diskini, lakini huduma yake iliwashwa kabla hatujakiweka. Programu inayoendelea kufanya kazi hushikilia ile maktaba iliyoipakia ilipowashwa. Mpaka uiwashe upya, ya zamani ndiyo itumikayo. Chombo hakikusema uongo. Mimi niliuliza kilichowekwa, sikuuliza kinachotumika.

Ya pili iliniuma zaidi. Haikuwamo kabisa katika orodha. Ilikuwa chini ya meza katika chumba cha mafunzo, imewekwa kwa majaribio na kusahauliwa. Jina lisilo katika rejista haliitwi, wala mwenyewe hahesabiwi kuwa hayupo.

Nilikuwa na njia mbili: kurekebisha kimya kimya, au kurudi kwa mkuu na kuifuta taarifa yangu. Kimya kilikuwa rahisi. Lakini kama funguo zilikwisha kuvuja, kuziba tundu hakutoshi. Ilibidi kubadili funguo, vyeti na nywila, na hayo hayakuwezekana bila idhini yake. Nikaenda. Alinisema kwa muda mrefu, na ilikuwa haki yake. Kisha akatia sahihi.

Tangu hapo tunauliza mambo matatu: kipi kimewekwa, kipi kinatumika, na je, orodha yetu inalingana na mtandao wenyewe? Desemba 2021 ilipotangazwa kasoro ya Log4j, maktaba ambayo mara nyingi hukaa ndani ya programu nyingine isionekane katika orodha ya vifurushi, hatukuiamini orodha peke yake. Tulipekua mafaili yenyewe.

Vijana wangu, mtakapoingia kazini mtapewa vyombo vyepesi kuliko vyetu. Vitawajibu mlichouliza, basi. Na akija mdogo wenu mezani na shikamoo yake na habari msiyoipenda, mpeni kiti kwanza. Mimi sikumpa, na hadi leo naona haya.