Majeraha ya Utotoni na Vijana Wetu: Mafunzo ya Kisima cha Yusuf

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Kisa cha Nabii Yusuf, alayhi salaam, twakijua sote, lakini aghalabu twafanya haraka kuufikia utukufu wake wa Misri. Usiku huu natuketi kwanza kando ya kisima. Mtoto ametupwa na ndugu zake mwenyewe, akauzwa kwa thamani duni, akapelekwa ugenini. Miaka mingi baadaye, akiwa msimamizi wa hazina za Misri, ndugu zake walimsingizia wizi mbele yake bila kumtambua, naye akalificha jambo hilo nafsini mwake. Alikuwa Nabii, tena mwenye cheo, na bado neno lile lilimgusa. Mwili hukua, lakini jeraha la utotoni laweza kubaki bichi.

Tazameni safari zilizowatawanya Waswahili hadi kufika miji kama huu wetu wa Sydney. Wako waliotoka Barawa na visiwa vya Wabajuni vita vilipozuka Somalia 1991, wakakimbilia Mombasa kwa vyombo vya bahari. Wako Wakongo waliolelewa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa 1996. Wako waliovuka kutoka Pemba hadi Shimoni, Kenya, baada ya mauaji ya Januari 2001. Walifika wapatao 2,000. Aliyekuwa mtoto siku zile leo ni mzazi. Akiwa hajapona, hofu yake huingia katika malezi: sauti kali, usingizi wa mang'amung'amu, kimya kisichoelezeka. Mtoto aliyezaliwa hapa hurithi hofu asiyoijua chanzo chake. Wala si vita peke yake; kipigo, matusi na kudhalilishwa ndani ya nyumba pia hujeruhi.

Mwaka 1998, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda pamoja na wenzao walichapisha nchini Marekani utafiti uliohusu watu wazima zaidi ya 9,000. Walikuta kwamba kadiri mtu alivyopatwa na mateso ya namna nyingi utotoni, ndivyo ulevi, sonona, majaribio ya kujiua, hata maradhi ya moyo yalivyozidi kuonekana ukubwani. Mwili uliozoea hatari hubaki macho hata hatari ikishapita. Ndiyo maana kijana aliyesikia risasi aweza kutetemeka fataki za mwaka mpya zinapolia. Ndiyo maana mwingine hukasirika kwa jambo dogo, hashiki masomo, au hujifungia chumbani. Tusikimbilie kumwita mvivu, mtovu wa adabu, au mwenye jini.

Wapo wasemao, "Mwambieni asubiri." Ni kweli, subira ni ibada. Lakini Nabii Yaqub, aliyeahidi subira njema, alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na akamshitakia Mola wake majonzi yake. Subira haikumziba mdomo. Basi tusimzibe mtoto mdomo kwa jina la subira.

Tufanye nini? Kwanza, tusikilize bila kuhoji wala kukemea. Mtoto aliye na mtu mzima mmoja wa kumwamini ana tumaini kubwa la kupona. Mtume wetu, aliyekuwa yatima, aliwabusu wajukuu zake mbele za watu. Pili, tuache kipigo. Tatu, tutafute tiba. Hapa Sydney ipo STARTTS, iliyoanzishwa 1988 kuwahudumia wakimbizi walioteswa na waliojeruhiwa nafsi. Huduma zake ni bure, na mkalimani hupatikana. Daktari wa familia naye aweza kuandika mpango wa matibabu ya akili, na Medicare ikachangia gharama. Kijana mwenyewe aweza kupiga simu Kids Helpline, 1800 55 1800, saa yoyote, mchana na usiku. Kwenda kwa tabibu hakupunguzi imani. Mtume ametuamrisha kujitibu.

Leo baada ya tarawehe, kabla ya daku, kila mzazi akae na mwanawe, amuulize hali yake, kisha anyamaze amsikilize.

Ewe Mola uliyemtoa Yusuf kisimani na kumrudishia Yaqub macho yake, waponye watoto wetu, na utuponye sisi tunaowalea. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.