Maji ya Kusafishia Mazulia Majumbani



Jijini Dar es Salaam mafundi wa mazulia siku hizi huja na mashine hadi mlangoni, ila baadhi yao huja bila maji. Tunawaomba mpatane kuhusu maji hayo kabla mashine haijawashwa. Uniti moja ya mita ni lita 1,000. Someni mita kazi inapoanza na inapokwisha. Fundi aliyekuja na tangi lake la lita 500 amebeba nusu tani, hivyo msishangae bei yake ikizidi kidogo.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni mpira. Ncha yake ikiachwa imezama katika ndoo ya maji ya sabuni huku bomba li wazi, na huduma ikakatika ghafla kama inavyotokea nyakati za mgao, msukumo hushuka na mabomba huweza kuyavuta maji yale machafu yakarudi ndani ya nyumba, kule kule mnakokinga maji ya kunywa. Harufu ya sabuni huenda isisikike. Kwa hiyo ncha ya mpira ibaki juu ya ukingo wa ndoo, isiguse maji kamwe. Iliyo bora zaidi, fundi ajaze tangi lake kwa namna hiyo hiyo, afunge bomba, auondoe mpira, ndipo aanze kazi.

Maji yaliyotoka katika zulia yamwagwe chooni. Mtaro wa mvua huyapeleka mtoni au baharini bila kusafishwa.