Waliojua Mapema



Kipindi kimoja cha Star Trek, kilichorushwa Marekani tarehe 6 Aprili 1967, kinastahili kujadiliwa hapa Rusizi. Kapteni Kirk na Spock wanarudi nyuma hadi New York ya mwaka 1930, ambako Edith Keeler anaendesha kituo cha kuwagawia maskini supu na kuhubiri amani. Wanagundua kwamba akinusurika ajali ya gari inayomngoja, harakati zake zitaichelewesha Marekani kuingia vitani, na Hitler atashinda. Kirk anampenda. Hata hivyo gari linapokuja anamshika kwa nguvu daktari wake aliyekuwa akikimbia kumwokoa, na Edith anakufa.

Wengi husifu uchungu wa uamuzi ule. Mimi napinga msingi wake. Hadithi hii inachukulia kwamba kinachotushinda kuzuia maafa ni kutojua yajayo: mtu akipewa habari za kesho, atatenda, hata kama itamgharimu ampendaye. Historia yetu inakanusha hilo. Tarehe 11 Januari 1994, Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, aliandikia makao makuu, New York ileile, kwamba mtoa habari amemfichulia maghala ya silaha jijini Kigali, na kwamba mtu huyo ameamriwa kuwaorodhesha Watutsi, akishuku ni ili waangamizwe. Dallaire alikusudia kuchukua hatua ndani ya saa 36. Akakatazwa. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza miezi mitatu baadaye. Hapa kwetu, Aprili hiyo, majina yalisomwa kutoka kwenye orodha mbele ya wakimbizi waliokusanywa Uwanja wa Kamarampaka. Waliotajwa walitolewa, wakauawa. Orodha huandikwa kabla ya kusomwa. Kesho ya watu wale ilikuwa imekwisha kujulikana.

Nitajibiwa kwamba leo ni rahisi kuziona dalili, ilhali wakati ule zilichanganyika na uvumi mwingi. Hoja hii ina uzito kwa Januari, ingawa maghala yangeweza kukaguliwa na ukweli ukajulikana. Kwa Aprili haina uzito wowote. Tarehe 21 mwezi huo, maiti zikiwa barabarani, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kukipunguza kikosi kile hadi watu wapatao 270. Hapo hapakuwa tena na la kutabiri.

Wengine watasema kwamba kuchukua hatua kungeahirisha tu mauaji. Basi tutazame Nyarushishi, kambi iliyokuwa katika wilaya hii hii, walikohamishiwa maelfu ya Watutsi walionusurika. Wanamgambo wa Interahamwe waliitaka kambi ile. Waliowazuia walikuwa askari wa jandarmaria chini ya Luteni Kanali Innocent Bavugamenshi, watu wa jeshi la serikali ileile iliyokuwa ikiua. Hawakuwa na habari yoyote ambayo New York haikuwa nayo.