Kutangaza hisa ulizouza Marekani: angalia bei ya kununulia



Leo tunaongea juu ya hisa. Wengine watauliza: hisa, hapa Kindu? Lakini kati yetu tuliorudi toka Marekani kuko waliofanya kazi kwenye maghala makubwa. Amazon, kwa mfano, ilikuwa inawapa wafanyakazi wa ghala hisa kidogo, mpaka mwaka 2018 ilipotangaza kuacha na kupandisha mshahara wa chini ufike dola 15 kwa saa. Hisa za namna ile zilibaki kwa dalali. Mtu anarudi nyumbani, anatafuta mabati ao minervali ya watoto, anaziuza kwa simu. Ni haki yake. Kodi njo inakuja nyuma.

Aliye na uraia wa Marekani ao kadi ya kijani, kwa kawaida bado anatakiwa kutangaza kodi kule, hata kama anakaa Alunguli. Ukiuza, mwaka unaofuata, mwezi wa pili, dalali anatoa karatasi inayoitwa 1099-B, na habari zake zinaenda pia kwa IRS, ofisi ya kodi ya kule. Kunyamaza hakusaidii. Na karatasi iliyotumwa kwa anwani yako ya zamani haitavuka mto kukufikia. Ingia kwenye akaunti yako, uichukue huko.

Sasa sikilizeni vizuri. Fasi 1d ni pesa ya mauzo. Fasi 1e ni bei ya kununulia. Kodi inahesabiwa juu ya tofauti. Kwa hisa za kazi, ile 1e mara nyingi iko wazi, ao iko na hesabu ndogo sana. Programu ya kodi ikivuta karatasi toka kwa dalali, inavuta vilevile, na inaweza kuhesabu sifuri. Inasoma tu kile ilichopewa.

Tuchukue mfano. Siku hisa zilipokuwa zako kabisa, thamani yake ilikuwa dola 1,900. Mwajiri aliziweka ndani ya mshahara wako, ziko kwenye W-2 ya mwaka ule, ukatozwa kodi. Baadaye unauza dola 2,000. Faida yako ni 100. Bei ikibaki sifuri, utatozwa juu ya 2,000: pesa moja, kodi mara mbili. Ile 1,900 njo bei yako, hata kama hukutoa senti mfukoni.

Madalali wengi wanaweka karatasi ya nyongeza yenye bei hiyo. Itafute mbele ya kutuma. Kisha fungua kila uuzaji ndani ya programu, usahihishe bei. Itaonekana kwenye fomu 8949 kwa alama B. Ile 1d usiiguse.

Siku ya mwisho ni 15 Aprili. Anayeishi nje anapata mpaka 15 Juni bila kuomba, lakini riba ya deni inaanza kuhesabiwa Aprili.

Waliokwisha kulipa mara mbili, kuko fomu 1040-X, kwa kawaida ndani ya miaka 3 toka ulipotangaza. Kwa hiyo W-2 za zamani musizitupe. Mulete karatasi hizo kwenye mkutano ujao, tuzisome pamoja. Neno la siri la akaunti libaki kwako mwenyewe.