Mafuta ya Mbono na Lori la Chama
Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Nimeagizwa na Halmashauri nizungumze kwa muda mfupi juu ya jambo lililoulizwa mara nyingi katika mikutano ya vyama vya msingi, kuanzia Bunju hata Kimbiji, nalo ni hili: je, yafaa lori la Chama chetu liendeshwe kwa mafuta ya mimea badala ya dizeli tununuayo? Swali hili si la mzaha. Kila mwanachama aliyepata kusoma hesabu zetu ajua ya kuwa katika gharama za kufikisha mihogo, mananasi na nazi sokoni, hakuna kinachomeza fedha kama tangi la lori.

Nitaanza na lililo jepesi. Kwamba injini ya dizeli yaweza kwenda kwa mafuta ya mimea, hilo halina ubishi. Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe, aliyeibuni injini hiyo, alieleza baadaye kwamba ilikwenda vizuri hata ni watu wachache tu waliotambua. Mwaka 1937 Mbelgiji aitwaye Chavanne alipata hataza ya njia ya kuyageuza mafuta ya mawese, na mwaka uliofuata basi la abiria likasafiri kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo. Hata mbono wetu, huu tuuoteshao uani na makaburini, umekwisha kuruka angani: tarehe 30 Desemba 2008 ndege ya Shirika la New Zealand ilijaribiwa kwa injini moja iliyotiwa mafuta ambayo nusu yake yalitokana na mbono, na baadhi ya mbegu zake zilichumwa huku kwetu Afrika, Tanzania ikiwamo.

Kwa hiyo asemaye haiwezekani amekosea. Lakini asemaye ni rahisi amekosea zaidi, na hapa, Bwana Mwenyekiti, sina budi kukiri jambo mbele ya Mkutano.

Katika mwaka wa tatu wa Chama chetu, mimi na dereva tuliyekuwa naye tulinunua madumu mawili ya mafuta ya mbono yaliyokamuliwa, tukayachuja kwa kitambaa, tukayamimina katika ile pikapu ya zamani. Tulikwenda nayo wiki mbili, tukijisifu. Wiki ya tatu gari likaanza kukohoa kila asubuhi. Kisha chujio likaziba. Mwisho pampu ya mafuta ikafa katika mlima wa Pugu na shehena ya mananasi nyuma, ikaozea njiani. Katika hesabu za mwaka ule gharama hiyo iliandikwa «matengenezo mengineyo». Mkono ulioandika ni wangu. Wanachama hawakuambiwa, na leo nawaambia.

Kosa letu lilikuwa hili. Mafuta yatokayo katika kinu ni mazito mara kumi na zaidi kuliko dizeli. Pampu huyasukuma kwa taabu, na yakifika ndani hayapulizwi kuwa ukungu mwembamba, bali hutoka kama matone, yasiungue yote, yakaacha masizi na utando. Ili yafae motokaa ya kawaida, ni lazima kwanza yageuzwe. Hupashwa moto kadiri ya nyuzi 55 hadi 60, hutiwa methanoli, kadiri ya lita moja kwa kila lita tano za mafuta, pamoja na kostiki soda kidogo iliyopimwa kwa mizani, ile ile watumiayo akina mama watengenezao sabuni. Mchanganyiko hukorogwa, kisha huachwa utulie. Glisirini nzito huzama chini. Juu huelea mafuta mepesi ya rangi ya dhahabu, ambayo huoshwa kwa maji na kukaushwa. Hayo ndiyo biodizeli.

Hapa naomba vijana wasikie vizuri. Methanoli si pombe ya kunywa. Kiasi kidogo tu hupofusha macho, na zaidi ya hapo huua. Mvuke wake hushika moto upesi, na ndimi zake mchana hazionekani. Kazi hii haifanywi jikoni, wala karibu na watoto, wala na mtu avutaye sigara.

Na biodizeli yenyewe ina tabia zake. Ni safi kuliko dizeli na yalainisha pampu vizuri, ila nguvu yake kwa lita ni pungufu kidogo, kadiri ya sehemu nane katika mia. Huyeyusha uchafu wote uliolala ndani ya tangi kuukuu, na kuupeleka kwenye chujio. Ndiyo sababu chujio hubadilishwa mapema katika majuma ya kwanza. Hulegeza mipira na mabomba ya mpira wa asili. Hunywa maji kutoka hewani, na ikikaa miezi mingi huchacha. Kwa sababu hizo watu wengi huichanganya na dizeli ya kawaida. Huko Ulaya dizeli iuzwayo vituoni huruhusiwa kuwa na sehemu saba kwa mia za biodizeli. Indonesia, yenye mawese tele, ilianza kuagiza sehemu 40 kwa mia mwaka 2025. Lori letu jipya, lenye vyombo vya umeme katika injini na dhamana ya muuzaji, lisiguswe kabisa. Lile la zamani laweza kustahimili sehemu 20 kwa mia.

Sasa nije kwenye lililo zito, yaani jasho la mkulima.

Kwa kinu cha kawaida, lita moja ya mafuta ya mbono yahitaji kilo nne hadi tano za mbegu. Tuseme, kwa kurahisisha hesabu tu, dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita. Basi hata kama kinu, methanoli, kuni na usafiri vingekuwa bure, kilo ya mbegu haiwezi kuzidi shilingi 700 hivi. Na kwa kuwa havipatikani bure, mkulima atabakiwa na nusu yake au pungufu. Nilijaribu mwenyewe na wanangu wawili katika ua wa shamba letu. Tulichuma na kumenya tangu asubuhi hata adhuhuri, tukapata debe moja lisilojaa sana, kadiri ya kilo nane. Watu watatu, nusu siku, mafuta yasiyofika lita mbili. Mwanangu mdogo aliuliza kama dukani hayapatikani. Tena makapi yake yana sumu, ng'ombe hali. Hufaa kuwa mbolea tu, si kama mashudu ya alizeti.

Wako waliosema, basi tutumie nazi, au alizeti. Ndugu zangu, nchi yetu huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula. Nazi ikifika Kariakoo ina mnunuzi wake tayari. Kuichoma katika injini ni kumnyima mlaji ili kumlisha lori.

Nayasema haya kwa sababu katika meza yangu iko barua ya watu watakao wanachama wetu wenye mashamba upande wa Kisarawe na Mkuranga wayatoe kwa miaka mingi, yapandwe mbono tupu. Barua imeandikwa vizuri, ina picha za rangi. Nami nimejibu kwamba Mkutano Mkuu ndio utakaosema, ila wanachama hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kisarawe yenyewe iko jirani, ng'ambo ya vilima vya Pugu. Huko, mnamo mwaka 2009, kampuni ya Kiingereza iitwayo Sun Biofuels ilipewa hekta zaidi ya elfu nane kutoka vijiji 11 kwa kilimo cha mbono. Watu walitarajia ajira, visima na zahanati. Mwaka 2011 kazi ilisimama, mamia ya vibarua wakarudi nyumbani, na shamba likapita mikono mingine. Lakini ardhi haikurudi pamoja na vibarua. Maana kwa sheria, ardhi ya kijiji itolewapo kwa mwekezaji wa nje huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla, na kampuni ikiondoka, kijiji hakiirithi kwa kukaa tu na kungoja. Kilwa nako, kampuni ya Kiholanzi ya Bioshape ilipata hekta 34,000 hivi, ikafilisika. Mwongozo wa Serikali juu ya nishati hizi ulitolewa mwaka 2010, baada ya mengi kuwa yamekwisha kutendeka.

Mbono katika ua, kuzuia mbuzi, ni jambo zuri. Wakulima wengi wa kaskazini walipata kuuza mbegu za nyua zao kwa kampuni ya Diligent iliyokuwa Arusha, wala hawakutoa hata pembe ya shamba. Mbono mahali pa muhogo, hasha.

Je, tuache kabisa? Halmashauri haioni hivyo. Kila jioni, kutoka Mbagala na Tandika hata Mwananyamala na Tandale, wakaanga chipsi, samaki na mihogo hubakiwa na mafuta meusi wasiyojua pa kuyamwaga. Mengine huishia mtaroni, na mengine, nasikitika kusema, hukaangiwa tena na tena hata yakawa madhara kwa walaji. Mafuta hayo yamekwisha kulisha watu. Yakinunuliwa kwa bei nafuu, yakachujwa, yakakaushwa maji yote, na uchachu wake ukapimwa ili kujua soda ya kuongeza (bila kipimo hicho tutapata sabuni, si mafuta), yaweza kupunguza dizeli ya lori la zamani. Hatutauza hata lita moja. Biashara ya mafuta ina leseni zake chini ya EWURA. Ni ya lori letu tu.

Halmashauri yaomba ruhusa ya jaribio la miezi sita: pipa moja kwa mwezi, lori moja, sehemu 20 kwa mia, chini ya fundi aliyesomea kazi ya kemikali. Kila lita itakayoingia na kila chujio kitakachobadilishwa kitaandikwa katika daftari lake, na daftari hilo litawekwa wazi mezani pangu kwa kila mwanachama. Gharama ikizidi ile ya dizeli, tutasimama. Na safari hii halitaandikwa «mengineyo».

Azimio la pili lahusu ile barua. Yote mawili yamo katika karatasi mliyogawiwa mlangoni, ukurasa wa tatu. Naomba, Bwana Mwenyekiti, yapigiwe kura moja moja, la ardhi likitangulia.